Mita za mtandao zianzie kwenye transfoma

Katika miezi iliyotangulia tarehe 24 Novemba 2024, mamilioni ya kaya za Tanzania, Kenya na nchi nyingine zinazotumia umeme wa kulipia kabla zilipewa kazi moja. Mteja alinunua umeme, akatumiwa makundi matatu ya namba, yaani tokeni, kila kundi tarakimu 20, kisha akasimama mbele ya mita au akashika rimoti yake na kubonyeza tarakimu zote 60 kwa mpangilio uleule aliotumiwa. Makundi mawili ya kwanza hayakuleta hata uniti moja. Yalikuwa ya kuiambia mita kwamba hesabu ya muda inaanza upya. Mita hizi zilikuwa zikiitambua kila tokeni kwa idadi ya dakika zilizopita tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi ya kuhifadhi idadi hiyo inafika ukomo kwenye dakika milioni 16.7 na ushee. Dakika hizo zilitimia siku hiyo ya Novemba. Mita ambayo haikuwa imeingiziwa namba hizo isingepokea tena tokeni mpya.

Kazi ilifanyika, na wananchi wanastahili pongezi, maana wapo wazee wasiosoma bila miwani waliosaidiwa na wajukuu kubonyeza namba hizo moja baada ya nyingine. Lakini zoezi lile lilituonyesha mita zetu zilivyo. Mita ya LUKU, yaani ya kulipia kabla, ambayo tunaiona ya kisasa kwa kuwa inalipiwa kwa simu, haizungumzi na yeyote. Shirika la umeme linajua uniti ulizonunua. Halijui umezitumia saa ngapi, wala kama umeme uliokufikia ulikuwa na volti 230 au 170, wala kama nyumba yako iko gizani tangu jana usiku. Kiungo pekee kati ya mita na shirika ni kidole cha mteja. Ndiyo maana umeme ukikatika mtaani, taarifa ya kwanza hutolewa na mwananchi anayepiga simu na kueleza kwa alama: nyuma ya shule, karibu na msikiti, nguzo ya tatu kutoka kwenye mashine ya kusaga.

Sasa mashirika ya umeme ya ukanda huu yameanza kufunga mita zinazosomeka kwa mtandao, wengine wanaziita mita janja. Ndani yake mna laini ya simu au redio ndogo inayotuma vipimo kituoni kila baada ya dakika 15 au 30. Ni jambo jema na limechelewa. Shaka yangu ni mahali pa kuanzia. Mazungumzo mengi ninayoyasikia kuhusu mita hizi yanahusu mlango wa mteja: atakatiwa bila fundi kufika, atalipishwa bila kubonyeza namba, akichezea mita itajulikana. Hoja yangu ni kwamba mtandao wa mita uanzie juu na kushuka: kwanza kwenye transfoma, pili kwenye majengo makubwa ya umma, na mwisho majumbani. Tukianza kinyume chake tutatumia fedha nyingi kukusanya vipimo vingi, na bado hatutajua umeme unapotelea wapi.

Hesabu yenyewe ni ya kutoa. Funga mita moja kwenye transfoma, upate umeme ulioingia mtaani. Jumlisha uniti za wateja wote wanaolishwa na transfoma hiyo. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo upotevu wa mtaa huo, na upotevu ukishapewa mtaa wake, unaweza kushughulikiwa. Leo upotevu unajulikana kwa jumla ya shirika zima. Kenya Power, kwa mfano, katika mwaka wa fedha wa 2023/24 ilipoteza zaidi ya moja ya tano ya umeme ilioununua, kiwango kinachozidi kile ambacho mdhibiti wa Kenya anaruhusu kiingie kwenye bei ya mteja. Namba kama hiyo inatisha, ila haimwambii meneja wa wilaya apeleke gari wapi kesho asubuhi. Ndani yake kuna umeme unaogeuka joto kwenye nyaya ndefu zilizochakaa, kuna mita mbovu, na kuna umeme unaochepushwa kabla ya kufika kwenye mita. Kila tatizo lina dawa yake, na dawa ya moja haiponyi jingine.

Kuna watakaosema mita janja ya nyumbani inatosha, kwa kuwa ikichezewa inatoa taarifa yenyewe. Puerto Rico haikutosha. Mwaka 2009 shirika lao la umeme liliiomba FBI ya Marekani ichunguze wizi kwenye mita janja, na taarifa ya uchunguzi iliyofuata ilieleza kwamba waliohusika waliaminika kuwa wafanyakazi wa shirika lenyewe na waliowahi kuajiriwa na mtengenezaji wa mita, waliokuwa wakilipwa ili wapunguze usomaji. Sisi tunawafahamu watu wa namna hiyo, na tuna jina lao: vishoka. Kishoka hatapotea kwa sababu mita imepata laini ya simu. Atajifunza kompyuta. Mita ya nyumbani inaweza kudanganywa na mtu mmoja kwa dakika chache; mita ya transfoma inahesabu umeme uliopita kweli, na uongo uliofanyika chini yake utaonekana kwenye kutoa. Kwa hiyo hata anayetaka kuanza na wizi, na wizi ni hoja halali kabisa, dawa yake inaanzia hapo juu.

Faida ya pili inamhusu mwananchi asiyeiba chochote, na kwangu hiyo ni kubwa zaidi. Chukua transfoma ya kVA 100, ya kawaida sana mitaani kwetu. Ina fezi tatu, na kila fezi imepangiwa kubeba ampea zipatazo 144. Mafundi waliounganisha nyumba kwa miaka kumi hawakuwa na njia rahisi ya kujua fezi ipi imeelemewa, hivyo wengi waliunganisha kwenye waya uliokuwa karibu na ngazi yao. Leo fezi moja inaweza kubeba ampea 200 saa mbili usiku huku nyingine mbili zikibeba 70 kila moja. Ukijumlisha utaona transfoma nzima imefikia chini ya asilimia 80 ya uwezo wake, na kwenye makaratasi iko salama. Kumbe nyumba zilizo kwenye fezi ile moja zina taa zinazofifia, friji zinazonguruma bila kugandisha na pampu zinazoungua. Koili ya fezi hiyo inapata joto kupita kiasi, fyuzi inakatika, inarudishwa, inakatika tena, hadi siku transfoma inapolipuka na mtaa kukaa gizani wiki nzima ukisubiri nyingine. Mita ya mtandao kwenye transfoma ile ingeonyesha ampea 200 wiki ya kwanza tu, na fundi angehamisha nyumba kumi au kumi na tano kwenda fezi nyingine kwa kazi ya siku moja. Hakuna anayehitaji kununua transfoma mpya.

Hoja hii ina uzito wa pekee kwa Tanzania ya sasa. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 tulikuwa kwenye mgao, na sababu iliyotolewa ilikuwa upungufu wa uzalishaji. Tangu Februari 2024 mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilianza kuingiza umeme kwenye gridi mmoja baada ya mwingine. Iko tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Taifa limelipia bwawa hilo kwa jasho. Basi anayekatikiwa na umeme leo akiwa Mbagala au Nyamagana, mara nyingi shida yake haiko bwawani Rufiji. Iko kwenye laini na transfoma zilizo kati ya gridi na nyumba yake, na eneo hilo ndilo lisilo na macho. Tumejenga chanzo kikubwa cha umeme, na mwisho wa safari yake bado tunaupima kwa simu za malalamiko.

Baada ya transfoma yaje majengo ya umma: hospitali, vyuo, ofisi za halmashauri, mitambo ya maji. Hapa wengi hawajui bei inavyopangwa. Mteja mdogo hulipia uniti peke yake. Mteja mkubwa wa kundi la T2, anayetumia zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi, hulipia uniti na pia kilele chake, yaani kiwango cha juu kabisa alichovuta kwa mara moja ndani ya mwezi. Kwa bei ambazo EWURA, mdhibiti wa nishati wa Tanzania, ilizipitisha mwaka 2016, kila kVA moja ya kilele ilipangiwa shilingi 15,004 kwa mwezi. Tazama hospitali ambayo saa mbili asubuhi inawasha mashine ya kutakasia vifaa, mashine za kufulia, pampu ya maji na viyoyozi vya jengo la utawala, vyote ndani ya nusu saa. Kilele cha nusu saa hiyo kinalipiwa mwezi mzima. Kama kufua na kupandisha maji kungesogezwa hadi usiku na kilele kikapungua kVA 40, hospitali ingeokoa shilingi 600,160 kila mwezi bila kuzima taa hata moja wodini. Fedha hizo ni glavu na dawa. Lakini mganga mkuu hawezi kusogeza asichokiona. Ankara inamfikia mwisho wa mwezi ikiwa na namba moja, haimwambii kilele kilitokea siku gani wala kilisababishwa na nini.

Kufunga mfumo wa kumwonyesha hayo kwenye jengo la namna hii si kazi ya wataalamu wa kutoka ng'ambo. Mita ndogo hufungwa kwenye kila tawi la umeme: wodi, jiko, pampu, viyoyozi. Mita hizo huunganishwa kwa jozi moja ya nyaya inayoweza kupita kwenye vifaa 32 na kufika umbali wa mita 1,200, kisha kisanduku kimoja kinakusanya vipimo na kuvipeleka kwenye kompyuta ya ofisi. Vyuo vya ufundi vya VETA vinafundisha vijana umeme wa majumbani kila mwaka, na somo hili linaweza kuongezwa humo. Kigumu ni kumpata mtu wa kuvisoma vipimo. Mfumo usio na msomaji huishia kuwa skrini inayowaka ukutani bila faida, kwa hiyo jengo lisilokubali kumpa mtumishi mmoja jukumu hilo kwa barua, lisipewe fedha za mita.

Pingamizi la kwanza ni gharama, na ni la kweli kwa nchi zenye mahitaji mengi kama zetu. Lakini gharama ndiyo inayonipa nguvu ya kusema tuanzie juu. Transfoma moja hulisha makumi ya nyumba, wakati mwingine zaidi ya mia. Mita moja juu ya nguzo inatoa taarifa za mtaa mzima, ilhali kubadilisha mita za nyumba zote hizo kunataka vifaa mia, laini za simu mia na mafundi wa kuingia nyumba kwa nyumba. Fedha zitakazookolewa kwenye upotevu wa transfoma za mwanzo zisaidie kulipia zinazofuata. Mpango wa namna hiyo unaweza kusimama kwa miguu yake bila kusubiri mkopo mkubwa, na ukionekana haufai unaweza kusimamishwa kabla ya hasara kubwa.

Pingamizi la pili ni kwamba mtandao wetu hauaminiki. Mei 2021 mfumo wa kuuza LUKU ulikwama kwa siku kadhaa, na wapo waliolala gizani na fedha zao mfukoni. Anayekumbuka siku zile ana haki ya kuuliza itakuwaje mita nazo zikitegemea mtandao. Jibu langu ni kwamba kupima na kukata ni mambo mawili tofauti, nayo yasichanganywe. Mita ya transfoma inapima tu. Mtandao ukipotea inahifadhi vipimo vyake ndani na kuvituma ukirudi, wala hakuna nyumba inayozimika. Hatari inakuja pale kila mita ya nyumbani inapopewa swichi inayozimwa kutoka mbali, kwa sababu aliyefanikiwa kuingia kwenye kompyuta ya kituo anaweza kuzima mji. Desemba 2015 wavamizi waliingia kwenye kompyuta za kampuni za umeme nchini Ukraine na kuwazimia wateja zaidi ya laki mbili, na wale walipitia vituo vikubwa tu. Swichi za mbali zisubiri hadi tuwe na watu wetu wa kulinda mitambo hiyo usiku na mchana.

La tatu ni faragha, na hapa sikubaliani na wanaosema Mwafrika hajali mambo hayo. Kipimo cha kila nusu saa kinaeleza mengi: saa unayoamka, siku uliyosafiri, kama nyumba ina mgeni, kama mwenye duka amefunga mapema. Mwaka 2009 Baraza la Seneti la Uholanzi lilikataa mswada wa kulazimisha mita janja kila nyumba kwa sababu hiyo hiyo, na serikali ikalazimika kuufanya uwe wa hiari. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019, kwa hiyo msingi upo. Kipimo cha transfoma kinachanganya matumizi ya nyumba nyingi, hakimtaji mtu. Kwa nyumba moja moja, jumla ya siku inatosha kwa kazi ya shirika. Vipimo vya nusu saa vibaki ndani ya mita, mali ya mteja, avione mwenyewe akitaka.

Na hapo ndipo tunafika mlangoni kwa mpangaji, ambaye nimemweka mwisho kwa makusudi, wala si kwa kumdharau. Nyumba nyingi za kupanga mijini zina vyumba sita au zaidi na LUKU moja. Kila wiki kuna mchango, na kila mchango una ugomvi: mwenye friji anaambiwa aongeze, mwenye pasi anakana, mwenye taa moja analalamika analipia wengine. Ugomvi huo una chanzo ambacho wengi wao hawakijui. Bei ya mwaka 2016 inampa mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi umeme wa shilingi 100 kwa uniti, na anayezidi huhamia kundi la shilingi 292 kabla ya kodi na tozo. Vyumba sita vinavyotumia uniti 20 kila kimoja vinafikisha 120 kwenye mita moja, hivyo kila chumba kinalipa shilingi 5,840. Kila chumba kingekuwa na mita yake kingelipa 2,000. Bei iliyowekwa kumlinda maskini inawapita maskini waliobanana kwenye nyumba moja, na inamfaa anayeishi peke yake. Kodi ya majengo nayo, tangu mwaka 2021, inakatwa kwenye LUKU, na mara nyingi anayekatwa ni mpangaji wakati jengo ni la mwingine. Mpangaji huyu ameshapimwa vya kutosha kwa ajili ya kutoza. Mita ya mtandao ikimfikia, imfikie kwanza kwa ajili yake: imwonyeshe matumizi ya chumba chake na imwezeshe kuhesabiwa kwenye kundi la bei analostahili. Uingereza iliwataka wauzaji wa umeme wamtolee kila mteja wa mita janja kiskrini cha kuonea matumizi bila malipo. Hapa kwetu simu zinatosha. Ujumbe mfupi mmoja kwa wiki ungefanya kazi hiyo.

Jambo moja zaidi tujifunze kwa Waingereza. Mita zao nyingi za awali zilikuwa zikipoteza ujanja wake mteja anapohama kampuni, kwa sababu kila kampuni ilikuwa na mfumo wake. Sisi tuna mfano bora zaidi mikononi. Tokeni za tarakimu 20 zinafuata kanuni ya wazi iliyoanzia Afrika Kusini, na ndiyo iliyowezesha mita za viwanda mbalimbali kupokea namba kutoka mfumo mmoja kwa miaka yote hii. Zabuni yoyote ya mita za mtandao iandike sharti hilo ukurasa wa kwanza: vipimo vitoke kwa lugha ya wazi ambayo kiwanda chochote na fundi yeyote wa nchini anaweza kuisoma. Shirika lisilozingatia hilo litakuwa limenunua mita na kujikodisha kwa aliyeziuza.

EWURA huita wananchi kutoa maoni kila shirika linapoomba kubadilisha bei. Mikutano hiyo hutangazwa magazetini na mlango uko wazi kwa yeyote. Ombi lijalo likija, nendeni, na muulize swali hili kabla ya kuzungumzia shilingi: transfoma ya mtaa wetu ilipokea uniti ngapi mwezi uliopita, na zimeishia wapi? Shirika likishindwa kujibu, EWURA isiruhusu upotevu usiojulikana mahali pake uingizwe kwenye bei ya mwananchi.